Madini haba, hasara kubwa: Sehemu ya lishe ya nguruwe ambayo wafugaji hupuuza

WAFUGAJI wengi wa nguruwe hupima chakula kwa debe na gunia. Nguruwe akishiba na kulala, mwenyewe huridhika kwamba ametimiza wajibu wake. Hata hivyo, kuna sehemu ya chakula hicho isiyopimika kwa debe wala kwa mkono, na ambayo ikikosekana, mnyama hudhoofika huku hori lake likiwa limejaa.

Sehemu hiyo ni madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo mno, yakiwemo chuma, zinki, shaba, manganizi, seleniamu na iodini. Wataalamu wa lishe huyatenga na madini kama kalsiamu, fosforasi na chumvi ambayo mwili huyatumia kwa wingi. Haya ya kundi la kwanza hupimwa kwa miligramu katika kila kilo ya chakula, na miligramu moja ni sehemu moja kati ya elfu moja ya gramu.

Udogo wa vipimo hivi ni wa kustaajabisha. Seleniamu inayoongezwa katika chakula cha nguruwe kwa kawaida haipiti miligramu 0.3 kwa kilo. Maana yake ni kwamba gunia zima la kilo 70 huhitaji takriban miligramu 21 pekee, uzani unaokaribia ule wa punje moja ya mchele. Punje hiyo isipokuwamo, watoto wa nguruwe wanaweza kufa ghafla. Ikizidishwa mara 20 hivi, nguruwe huanza kunyonyoka manyoya na kwato zao kupasuka.

Mdharau mwiba mguu huota tende, na katika ufugaji wa nguruwe methali hii husadifu hali halisi.

Suala hili lina uzito wa kipekee katika maeneo kame kama vile Gachoka, kwenye njia ya kutoka mji wa Embu kuelekea Kiritiri. Gachoka lilikuwa jina la eneo bunge zima hadi uchaguzi wa 2013, lilipoanza kutumika jina la Mbeere Kusini. Tofauti na miteremko ya juu ya Mlima Kenya inayokuzwa majani chai na kahawa, sehemu hii ya chini hupata mvua chache na joto jingi. Mazao yanayostahimili huko ni mtama, mawele, ndengu, kunde, muhogo na maembe. Mbuzi, kondoo, kuku na ng'ombe wa kienyeji ndio mifugo iliyozoeleka.

Mkulima wa eneo kama hilo anayeamua kufuga nguruwe kwa ajili ya soko huwa na mambo matatu ya kuzingatia kwa pamoja. Kwanza, chakula anachoweza kukipata kwa urahisi ni nafaka na pumba, ambazo zina upungufu wa madini fulani na huyazuia mengine yasifyonzwe mwilini. Pili, maji si ya kuchezewa. Tatu, nguruwe huishi karibu na mbuzi na kondoo, na kinachomfaa nguruwe kinaweza kumuua kondoo.

Kutoka shambani hadi kwenye saruji

Zamani, nguruwe waliachwa huru kufukua udongo kwa pua zao. Walikula mizizi, wadudu, nyungunyungu na udongo wenyewe, na humo walijipatia madini bila mfugaji kujua. Ufugaji wa kibiashara ulibadilisha hali hiyo. Nguruwe alifungiwa bandani kwa sababu za msingi: asiharibu mimea ya jirani, asiambukizwe tegu na minyoo, na asikutane na homa ya nguruwe ya Afrika. Maradhi hayo yalielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza humu nchini Kenya na Montgomery mnamo 1921, na hadi leo hayana tiba.

Soko nalo lilitaka hivyo. Kampuni ya Farmer's Choice, iliyoanzishwa mwaka wa 1980 na yenye makao katika eneo la Kahawa West, Nairobi, hununua nguruwe waliolelewa kwa utaratibu unaofahamika, wenye uzani na kiwango cha mafuta kinachotakiwa. Nguruwe wa kuzurura hawezi kutimiza masharti hayo.

Lakini nguruwe alipotolewa kwenye udongo na kuwekwa juu ya saruji, alipoteza ghala lake la madini. Tangu siku hiyo, kila anachokihitaji sharti kiletwe na binadamu. Asipoletewa, hana pengine pa kukitafuta.

Chuma: Hesabu isiyosameheka

Mfano ulio wazi zaidi ni wa madini ya chuma. Chuma ndicho kiini cha hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba hewa ya oksijeni kutoka kwenye mapafu hadi kila pembe ya mwili. Bila chuma damu hupauka, na mnyama hukosa pumzi hata akiwa amelala.

Mtoto wa nguruwe huzaliwa akiwa na akiba ya chuma ya kati ya miligramu 40 na 50 pekee. Kutokana na kasi yake ya kukua, huhitaji takriban miligramu 7 hadi 10 kila siku. Maziwa ya mamake humpa karibu miligramu moja tu kwa siku. Kwa hesabu hiyo, akiba yote humalizika kabla ya siku 10 kutimia.

Ni wanyama wachache wa kufugwa walio na tatizo hili kwa kiwango hicho, na sababu ni kasi ya kukua. Mtoto wa nguruwe anayezaliwa na kilo moja na nusu huweza kuongeza uzani huo maradufu katika wiki moja, na kufikia mara nne hivi katika muda wa wiki tatu. Damu yake lazima iongezeke sambamba na mwili. Ndama na wanakondoo hawakui kwa mwendo huo, na aghalabu huanza kuonja udongo na nyasi mapema.

Dalili za upungufu huonekana kati ya wiki ya pili na ya tatu. Masikio na ufizi hupauka, manyoya husimama, na mtoto huhema kwa nguvu kiasi kwamba mbavu hupigapiga. Wengine huhara. Jambo linalowashangaza wafugaji ni kwamba anayetangulia kufa mara nyingi ndiye aliyekuwa mkubwa na mnene kuliko wenzake. Hiyo si bahati mbaya wala husuda ya jirani. Aliyekua upesi zaidi ndiye aliyemaliza chuma chake upesi zaidi.

Baadhi ya wafugaji hujaribu kumlisha mama vyakula vyenye chuma wakitarajia kitapita katika maziwa. Juhudi hizo hazifui dafu. Chuma alichokula mama hakiongezeki katika maziwa kwa kiasi cha kuwatosha wanawe.

Njia iliyothibitishwa tangu miaka ya 1950 ni sindano ya chuma. Mtoto hudungwa miligramu 200 katika siku tatu za kwanza za uhai wake, na kiasi hicho humtosha kwa wiki tatu hivi, wakati ambapo atakuwa ameanza kula chakula kigumu. Dawa hizi huuzwa katika maduka ya dawa za mifugo, na hapo ndipo pana mtego. Zipo chupa zenye miligramu 100 katika kila mililita, na nyingine zenye miligramu 200. Mfugaji aliyezoea kudunga mililita mbili kutoka chupa ya kwanza atakuwa amezidisha dawa maradufu akifanya vivyo hivyo na ya pili. Kusoma kibandiko kabla ya kujaza bomba la sindano ni jambo la lazima.

Mahali panapopendekezwa kudungwa ni kwenye msuli wa shingo, nyuma ya sikio. Sindano iwe safi, na sehemu inayodungwa ifutwe. Watoto walio wagonjwa au wanaohara hawafai kuongezewa chuma kiholela, kwani bakteria nao hustawi kwa chuma. Aidha, pale ambapo mama alikosa seleniamu na vitamini E, sindano ya chuma inaweza kuwaua watoto katika muda wa saa chache. Ndiyo maana ni vyema kumhusisha daktari wa mifugo tangu mwanzo.

Je, asiye na uwezo wa kununua sindano afanyeje? Wazee walikuwa na hekima ya kutupa udongo mwekundu ndani ya banda, na sayansi inaiunga mkono. Watoto huula na kujipatia chuma. Hata hivyo, udongo huo uchimbwe mahali ambapo nguruwe hawajawahi kukanyaga na ambapo hapamwagwi samadi yao, la sivyo mfugaji atakuwa amewaletea watoto mayai ya minyoo. Vilevile uwekwe kila siku tangu wiki ya kwanza. Udongo unaoletwa baada ya masikio kupauka umechelewa.

Zinki na ngozi yenye magamba

Baada ya watoto kuacha kunyonya, tatizo hubadilika. Sasa wanakula mahindi, mtama, pumba na soya, na madini yaliyo hatarini zaidi ni zinki.

Ajabu ni kwamba nafaka hizi zina zinki kiasi. Tatizo ni kuwa mbegu za mimea huhifadhi fosforasi yake katika umbo linaloitwa fiteti, na fiteti huishika zinki kama mtego unavyoshika panya. Zinki hiyo hupita tumboni na kutoka na kinyesi bila kufyonzwa. Takriban theluthi mbili za fosforasi iliyo katika mahindi na soya imefungwa kwa namna hiyo, na nguruwe hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua. Ng'ombe na mbuzi hawasumbuliwi sana na jambo hili, kwa kuwa vijidudu vilivyo katika matumbo yao huivunja fiteti.

Mambo huharibika zaidi mfugaji anapoongeza chokaa kupita kiasi. Wengi huamini kwamba chokaa zaidi ni mifupa imara zaidi. Kalsiamu iliyozidi huungana na fiteti na kuikaza zinki kabisa. Mtu anayemwaga chokaa bila kipimo huwa anawanyima nguruwe wake zinki kwa mkono wake mwenyewe.

Upungufu huo huonekana kwenye ngozi. Madoa mekundu hujitokeza tumboni na mapajani, kisha ngozi huwa nene, kavu na yenye magamba yanayopasuka, hasa miguuni, masikioni na mkiani. Nguruwe hupoteza hamu ya kula na hudumaa. Madaktari wa mifugo wa Marekani waliueleza ugonjwa huu mwaka wa 1953 bila kufahamu chanzo chake. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1955, watafiti Tucker na Salmon walionyesha kwamba zinki huuzuia na kuuponya.

Humu nchini, ugonjwa huu huchanganywa na upele unaoletwa na wadudu. Mfugaji hununua dawa ya kupulizia, hupulizia tena na tena, na ngozi haiponi. Ipo njia rahisi ya kutofautisha. Nguruwe mwenye upele wa wadudu hujikuna mfululizo na kujisugua ukutani. Mwenye upungufu wa zinki kwa kawaida hajikuni sana, na magamba yake huenea kwa usawa pande zote mbili za mwili. Akipewa zinki ya kutosha, hali yake huanza kubadilika katika muda wa wiki chache.

Kiasi kinachopendekezwa ni takriban miligramu 50 hadi 100 kwa kila kilo ya chakula, kutegemea umri. Kuloweka nafaka au kuichachua kabla ya kulisha hupunguza nguvu ya fiteti. Viwanda vikubwa huongeza kimeng'enya cha fitezi ili kufikia lengo hilo hilo.

Shaba: Dawa ya nguruwe, sumu ya kondoo

Shaba husaidia mwili kutumia chuma na kuimarisha mifupa na mishipa. Mahitaji ya kawaida ya nguruwe mchanga ni miligramu 5 au 6 kwa kilo. Katika miaka ya 1950, watafiti wa Uingereza waligundua kwamba shaba ikiongezwa hadi kufikia miligramu 250 kwa kilo, nguruwe hukua upesi zaidi. Tangu hapo watengenezaji wengi wa vyakula duniani wamekuwa wakiitia shaba kwa wingi.

Kwa mkulima wa Gachoka, jambo hili lina hatari ambayo haiandikwi kwa maandishi makubwa kwenye gunia. Kondoo hawezi kuitoa shaba mwilini kama nguruwe anavyofanya. Huirundika kwenye ini polepole, kwa wiki au miezi, bila dalili yoyote. Kisha siku moja ini hushindwa, shaba humwagika katika damu, mkojo hugeuka kuwa wa rangi nyeusi, macho huwa ya manjano, na mnyama hufa katika siku chache. Chakula chenye shaba zaidi ya miligramu 25 hivi kwa kilo tayari ni hatari kwake. Mbuzi ni mstahimilivu zaidi, lakini naye hana kinga kamili.

Kwa hivyo, mabaki ya chakula cha nguruwe yasimwagiwe kondoo, na magunia yake yasihifadhiwe mahali ambapo kondoo wanaweza kuyafikia. Hali kadhalika, samadi ya nguruwe wanaolishwa shaba nyingi isisambazwe kwenye malisho ya kondoo.

Ulaya imeanza kurudi nyuma. Mwaka wa 2018, Muungano wa Ulaya uliteremsha viwango vya shaba vinavyoruhusiwa katika chakula cha nguruwe wachanga. Kuhusu zinki, muungano huo ulipiga marufuku, kuanzia Juni 2022, matumizi ya viwango vikubwa vya oksidi ya zinki vilivyokuwa vikitumika kama dawa ya kuzuia watoto kuhara baada ya kulikizwa. Sababu kuu ni kwamba madini yasiyofyonzwa hutoka na kinyesi na kurundikana udongoni, na kwamba huchangia bakteria kuwa sugu kwa dawa. Marufuku hayo hayakugusa kiasi kidogo kinachohitajika kwa lishe. Kilichokatazwa ni kuyatumia madini kama dawa kwa viwango vilivyopita mahitaji ya mwili mara nyingi.

Seleniamu na iodini

Seleniamu hushirikiana na vitamini E kuilinda misuli, ini na moyo. Inapokosekana, wanaoathirika ni wale wanaokua kwa kasi wiki chache baada ya kuachishwa kunyonya. Mfugaji huwalisha jioni wakiwa wazima, na asubuhi humpata mmoja amekufa bila jeraha wala kuhara. Kwa kuwa kifo cha ghafla husababishwa na mambo mengi, homa ya nguruwe ikiwemo, mzoga kama huo usiliwe wala kuuzwa. Ripoti itolewe, na daktari wa mifugo aamue kama utapasuliwa ili kuchunguzwa. Seleniamu haifai kununuliwa na kuchanganywa na mfugaji mwenyewe, kwa sababu mpaka kati ya dawa na sumu ni mwembamba mno.

Iodini nayo huendesha tezi ya shingo. Nguruwe jike mwenye upungufu anaweza kuonekana mzima kabisa, lakini akazaa watoto wasio na manyoya, dhaifu, wenye shingo zilizovimba, na wengi wao wakafa. Hatari huongezeka pale ambapo mama mjamzito hulishwa muhogo au kabeji kwa wingi, kwani vyakula hivyo vina kemikali zinazoizuia tezi kuitumia iodini. Habari njema ni kwamba suluhisho lipo jikoni. Chumvi ya mezani inayouzwa humu nchini hutiwa iodini kwa mujibu wa sheria, sharti lililoanza kutumika katika miaka ya 1970. Mfugaji akitumia chumvi hiyo katika chakula cha nguruwe badala ya chumvi ghafi, atakuwa ameondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Chumvi bila maji ni hatari

Hata hivyo, chumvi ina masharti yake, na hili lapaswa kusisitizwa katika maeneo yenye uhaba wa maji. Kiasi kinachofaa ni kati ya gramu 3 na 5 kwa kila kilo ya chakula. Nguruwe mwenye maji ya kutosha anaweza kustahimili hata chumvi iliyozidi kidogo. Aliyekosa maji hawezi.

Maji yanapokosekana kwa siku moja au mbili, hata chumvi ya kawaida iliyo katika chakula hugeuka sumu kwenye ubongo. Nguruwe huonekana kama kipofu, hugonga ukuta, huketi kama mbwa, kisha hushikwa na kifafa. Kosa linalofuata ndilo huua zaidi. Mwenye nguruwe huleta maji na kuwaacha wanywe watakavyo, ubongo huvimba, na wengi hufa. Maji yanapaswa kurejeshwa kidogo kidogo, na daktari aitwe. Nguruwe jike anayenyonyesha huhitaji lita 20 au zaidi kwa siku. Asiyeweza kuyapata maji hayo wakati wa kiangazi afikirie upya idadi ya nguruwe anaowafuga.

Mbadala usiofaa

Kutokana na bei za bidhaa, wafugaji hutafuta njia za mkato. Ya kwanza ni jiwe la chumvi la ng'ombe. Jiwe hilo lilitengenezwa kulingana na mahitaji ya wanyama wanaokula nyasi. Nguruwe hana desturi ya kulamba kwa kipimo, na hakuna anayeweza kujua amepata kiasi gani.

Ya pili ni magadi. Magadi hutoa sodiamu, lakini hayana chuma wala zinki ya kumfaa nguruwe. Isitoshe, yale ya Ziwa Magadi yana floridi nyingi, ambayo ikizidi huharibu meno na mifupa.

Ya tatu ni maembe. Msimu wa mavuno unapofika katika maeneo ya Mbeere, maembe yanayokosa soko huoza mashambani, na kuwapa nguruwe ni busara. Hata hivyo, embe ni maji na sukari. Linaweza kupunguza gharama ya kutia nguvu mwilini, lakini haliwezi kuchukua nafasi ya madini wala protini.

Omena ni afadhali. Dagaa hao wa Ziwa Victoria wana protini bora, kalsiamu, fosforasi na kiasi cha madini haya madogo. Doa lao ni mchanga, ambao huwa mwingi pale wanapoanikwa chini. Mnunuzi hulipia uzani wa mchanga akidhani amenunua chakula.

Namna ya kuchanganya

Wafugaji wanaojitengenezea chakula hununua mchanganyiko maalumu wa madini na vitamini ambao wauzaji huuita primiksi. Bidhaa hii ndiyo njia salama ya kuyapata madini yote kwa pamoja, mradi iwe ya nguruwe na si ya kuku wala ya ng'ombe. Kasoro kubwa ni namna inavyotumiwa.

Tuseme kibandiko kinaelekeza kilo 3 kwa tani moja ya chakula. Tani ni kilo 1,000, kwa hiyo kila kilo ya chakula huhitaji gramu 3, na gunia la kilo 70 huhitaji gramu 210. Kipimo hicho kinahitaji mizani ndogo. Konzi ya mkono wa mtu mmoja si sawa na ya mwingine, na kifuniko cha chupa si kipimo.

Gramu hizo 210 zikimwagwa moja kwa moja juu ya kilo 70, nguruwe mmoja atazila zote na wenzake watakosa. Utaratibu ufaao ni wa hatua. Kwanza zichanganywe na kilo moja ya pumba hadi rangi iwe moja. Kisha mchanganyiko huo uchanganywe na kilo 10, halafu na kilo 30, na hatimaye na gunia zima, ukipinduliwa kwa sepetu mara kadhaa juu ya sakafu safi na kavu. Kazi hiyo haichukui zaidi ya nusu saa.

Primiksi ihifadhiwe mahali pakavu pasipo jua. Madini hayaozi, lakini vitamini zilizo pamoja nayo huharibiwa na joto na unyevu, na Gachoka haikosi joto. Anayenunua kwa kupimiwa kutoka mfuko uliokwisha kufunguliwa hajui tarehe ya kutengenezwa wala ya kuharibika.

Yapo pia madini yaliyounganishwa na protini, yanayouzwa kwa bei ya juu kwa madai kwamba hufyonzwa vizuri zaidi. Yana manufaa katika hali fulani, lakini matokeo ya utafiti hayafanani kila mahali. Kwa mfugaji mdogo, madini ya kawaida yaliyopimwa sawasawa yana faida kuliko ya ghali yaliyokisiwa.

Sheria na msaada

Uuzaji wa vyakula vya mifugo nchini husimamiwa na Sheria ya Mbolea na Vyakula vya Mifugo, Sura ya 345, huku Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) likiweka viwango. Mnunuzi ana haki ya kuona alama ya ubora, jina la mtengenezaji na orodha ya viungo. Ni muhimu kuhifadhi kibandiko na risiti hadi gunia liishe. Nguruwe wakiugua, hivyo ndivyo ushahidi pekee alio nao.

Tangu huduma za kilimo zigatuliwe mwaka wa 2013, maafisa wa mifugo wako chini ya serikali za kaunti. Wafugaji wa Mbeere wanaweza kuwafikia kupitia afisi za Kaunti ya Embu. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) lina kituo mjini Embu, na taasisi yake inayoshughulikia nguruwe na kuku iko Kakamega. Kitivo cha mafunzo ya udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete.

Ni vyema kukumbuka kwamba si kila nguruwe aliyedhoofika amekosa madini. Minyoo hunyonya damu, mahindi yenye ukungu huharibu ini, na protini kidogo hudumaza mwili. Kumrundikia madini mnyama aliyejaa minyoo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kwa mfugaji anayeanza, mpangilio wa matumizi ya pesa ni huu: maji kwanza, kisha sindano ya chuma kwa kila mtoto anayezaliwa juu ya saruji, chumvi yenye iodini, halafu primiksi ya nguruwe iliyopimwa kwa mizani. Chakula humeza zaidi ya nusu ya gharama zote za ufugaji huu, na madini ni sehemu ndogo sana ya gharama hiyo. Anayeyaacha ili kuokoa shilingi chache huzilipa siku ya mauzo, pale nguruwe wa miezi minane anapopanda kwenye mizani akiwa na uzani wa mwenzake wa miezi mitano.